Bibi Elise Kwenye Faili

Siku ambayo Christina wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuja kukagua, Dancille alipiga deki mara mbili, akakaanga maandazi na kumvalisha binti yake Nicole gauni la kanisani. Mgeni ni mgeni. Dancille alikuwa ameomba wikendi mbili kwa mwezi, Nicole awe analala kwenye nyumba ya watoto wenye ulemavu kule Rissne, ili na yeye mama apate usingizi. Nicole ana miaka tisa, hasemi, na usiku hulala kwa muda wa saa mbili tu. Mama yake akisinzia, yeye hufungua mlango akatoka. Mwezi uliopita alikutwa kituo cha treni cha Husby, miguu peku, ameketi ukingoni kabisa mwa reli, anazipigia treni makofi.

Christina aliuliza wanaendeleaje.

"Tunamshukuru Mungu," Dancille akajibu. Mtu wa Uvira, hata akiwa ughaibuni, hammwagii mgeni shida zake kabla chai haijaisha.

Saa kumi na moja mlango uligongwa. Alikuwa Bibi Elise, mama mzazi wa Dancille, aliyefariki Uvira mwaka juzi na ambaye huja kila jioni kumshika Nicole kwa saa moja. Alikung'uta udongo mwekundu kwenye kandambili zake, akaingia. Hapo ndipo Dancille alipoharibu. Angempitisha moja kwa moja chumbani, mambo yangeisha. Lakini mama yako aingie, mgeni yupo, usimtambulishe? Thubutu!

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Ni marehemu. Ananisaidia kidogo."

Christina alisimama akampa mkono, akauliza jina lake linaandikwaje. Bibi Elise akampakata mjukuu, na Nicole akatulia tuli. "Vizuri sana," Christina alisema, akachukua andazi la tatu.

Barua ilikuja baada ya wiki saba. Ombi limekataliwa, kwa sababu nyumbani kuna mtu mzima wa pili ambaye mtoto amemzoea.

Célestine, shoga yake wa kwaya, alikuja juu. "Mama Nicole, ulimtambulisha wa nini?"

"Ni mama yangu. Nimfiche kama mwizi?"

Wakaandika rufaa pamoja, wakaambatanisha cheti cha kifo chenye mhuri. Jibu lilikuwa la adabu. Ofisi inatoa pole kwa msiba. Hata hivyo, kifo peke yake hakithibitishi kwamba bibi hawezi kusaidia, na mkaguzi alimwona kwa macho yake akisaidia. Tena, kwa kuwa bibi hana kazi wala majukumu mengine, anaweza kuongeza muda, hasa wikendi.

Dancille alimsomea mama yake barua yote kwa Kiswahili. Alisoma neno mojamoja.

"Basi nitakaa," alisema Bibi Elise. "Lakini mwanangu, mimi nilizikwa nipumzike."

Alikaa Ijumaa, akakaa Jumamosi. Jumapili mchana usingizi ulimchukua kwenye kochi, mdomo wazi. Marehemu wakilala hawaamki kwa kelele ndogo, wamezoea kimya. Nicole aliteleza kutoka magotini mwake, akaenda kushika kitasa cha mlango.

Dancille alimwahi mtoto, akamfunika mama yake kitenge, akamvua kandambili. Kisha akaburuta kiti hadi mlangoni, akakikalia, akampakata mtoto na kumkumbatia kwa nguvu. Alikuwa bado hapo Jumatatu asubuhi, macho mekundu, Christina alipopiga simu kuuliza mpango mpya unaendeleaje.

Safari hii hakumshukuru mtu. "Tumechoka," alisema. "Mimi na mama, tumechoka sote wawili."

Christina akaandika kwenye faili kwamba watu wazima wapo wawili.