Paka Mgongoni mwa Televisheni

Verna Hnatiuk alikuwa na televisheni iliyokataa kufa. Mwaka wa kumi na saba huo, na kioo bado kiling'aa, maana mumewe Orest aliitunza kama mboni ya jicho. Kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa laini kikavu. Verna akiongeza mwangaza, yeye anapunguza. Radi ikinguruma tu huko kwenye mashamba ya ngano, huyoo mbio kuchomoa waya.

"Ikifa, nakununulia kubwa kama ya dada yako," alizoea kusema.

"Itakufaje na wewe umeigeuza mtoto?"

Mwezi wa Machi Orest akalazwa hospitali ya mjini Saskatoon kubadilishwa goti, Verna akaiona nafasi yake. Hakuivunja, la, hakuwa mtu wa hivyo. Aliitelekeza tu. Ikawaka tangu kahawa ya asubuhi hadi anapokwenda kulala, mwangaza juu kabisa, na paka wao mnene Marusia akahamia nyuma yake kuota joto.

Siku ya tisa, alasiri, fainali ya ule mchezo wa kutelezesha mawe barafuni imepamba moto, televisheni ikazima ghafla. Harufu ya joto ikajaa sebuleni. Verna akapiga makofi, kisha akapiga simu hospitali.

"Imekufa," alisema, akijitahidi kuhuzunika.

Tangu apasuliwe, Orest alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu, kama mtu aliyekwisha kujikatia tamaa. Sasa sauti yake ikaruka. "Imekufa vipi? Iguse mgongo. Ina joto?"

"Kama sufuria jikoni."

"Basi haijafa, imezimia! Chomoa waya, iache ipoe. Halafu ile brashi laini ya rangi, iko stoo. Na usitie maji, Verna!"

"Nimesikia, bwana, mimi si kiziwi."

Angeweza kusema amejaribu, ikashindikana. Nani angejua? Lakini mzee wake alikuwa amefufuka huko kitandani, anaamrisha kama zamani, na yeye hakuwa na moyo wa kumzima. Ilipopoa akapiga magoti, akasugua matundu ya nyuma polepole, simu begani.

"Yanatoka manyoya," alisema.

"Manyoya? Ya nani?"

"Ya Marusia."

"Marusia amefikaje huko?"

"Orest, nielekeze. Kesi tutasikiliza ukirudi."

Akachomeka waya. Kioo kikametameta, kikasita, kikawaka.

"Imewaka!" Verna alijishangaa, maana alikuwa anacheka. Upande wa pili Orest alipiga ukelele hadi muuguzi akaja kumtuliza.

"Nani anaongoza?" alinong'ona baadaye.

"Wetu, kwa jiwe moja."

"Nisogeze karibu nisikie."

Verna akaiweka simu juu ya kigoda mbele ya televisheni, akajipakulia pirogi zake za unga zilizojazwa viazi, akaketi sakafuni kando yake. Kila jiwe lilipotua alimsimulia lilikotua, naye Orest alibisha kila mara, kana kwamba ndiye anayeona.