Tumbo Halijui Adabu

Tuku-tuku, tuku-tuku, tuku-tuku. Mizue aliusikia moyo wa mtoto kabla hajafungua mlango, ukikimbia ndani ya mashine kama farasi mdogo juu ya theluji iliyoganda. Alisimama koridoni, chakula chake cha mchana bado mkononi, akasikiliza. Farasi alikuwa akienda vizuri. Kisha akajikwaa. Akatembea, akatembea polepole mno, ndipo akaanza tena kukimbia.

Mizue alikiacha chakula kwenye benchi akaingia leba.

Kanoko alikuwa amelala ubavu, ametulia, nywele zimebanwa vizuri kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Pembeni alikaa mama mkwe wake, Yasuno, mwanamke wa mashamba ya matufaha, mikono imejaa sugu za mikasi ya kupogolea. Tangu asubuhi alikuwa akiwasimulia manesi jinsi alivyozaa watoto watatu bila kutoa sauti, hata majirani wakajua tu walipoona nepi zimeanikwa. Katika nyumba zile za kaskazini, chini ya mlima, hiyo ni sifa ambayo mwanamke huenda nayo mpaka kaburini.

"Na huyu ni mkwe wangu kweli," alisema Yasuno. "Kelele zake ni za kufyonza tambi tu."

Kanoko alitabasamu. Mdomo ulitabasamu, jasho likateremka kutoka kwenye paji la uso.

Mizue alisugua viganja mpaka vikapata joto, akaweka kimoja juu ya tumbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya ukunga miaka yote katika hospitali hii ndogo: kuweka mkono na kungoja. Hakuwa na mume wala mtoto. Alipanga chumba juu ya duka la samaki wakavu. Alirudi nyumbani na harufu ya dawa, akaamka na harufu ya samaki. Lakini mkono wake ulikuwa umekutana na nusu ya watoto wa mji kabla mama zao hawajawaona, na kwa hilo alitembea kichwa juu.

Tumbo la mwanamke mwenye uchungu hukaza, kisha hulegea kama mochi, donge la wali uliotwangwa vizuri. Mizue alingoja lilegee. Halikulegea. Uchungu ulikuja, uchungu ukaenda, na chini ya kiganja chake palibaki pagumu vilevile, kama ubao wa kukatia samaki. Akafunua shuka. Damu ilikuwa kidogo, lakini nyeusi.

"Unaumwa kiasi gani?"

"Kidogo tu, Dada Mizue. Samahani kwa usumbufu."

Mizue alikuwa ameshabonyeza kengele. Mwongozo wa wodi, ambao Daktari Orihara aliwafundisha wakunga wote na kuwakumbusha kila majira ya baridi, haukuacha nafasi ya kubahatisha: tumbo lisilolegea, damu nyeusi, moyo wa mtoto unaopungua kasi, mwite daktari, hata kama mama anasema hajambo.

Yasuno aliinuka. Alitaka kujua kengele ni ya nini, ilhali Kanoko mwenyewe amesema anaumwa kidogo. Akasema hospitali za siku hizi zinapenda visu, na mkwe wake hatapasuliwa kwa ajili ya mkunga mwenye wasiwasi. Kisha akamtazama Mizue juu mpaka chini.

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa hata mmoja, mama," alisema Mizue, mkono haujaondoka. "Ndiyo maana sina wa kumlinganisha naye. Mdomo wa Kanoko una adabu, umelelewa vizuri. Tumbo halijui adabu."

Daktari Orihara aliingia huku akivaa glavu. Aligusa tumbo, akatazama kwa ultrasaundi, akamsikiliza farasi, ambaye sasa alitembea zaidi kuliko kukimbia. Hakupoteza neno. Alimweleza Kanoko kwamba kondo la nyuma limeanza kubanduka kabla ya wakati, kwamba damu inajikusanya ndani wasikoiona, na mtoto anakosa hewa. Chumba cha upasuaji kilikuwa kikiandaliwa, damu ya kumwongezea imeshaagizwa. Kilichobaki ni ridhaa yake.

Kanoko hakumtazama daktari. Alimtazama mama mkwe.

"Nitavumilia," alisema.

Mizue alipiga goti kando ya kitanda, akampa vidole vyake.

"Wewe utaweza. Mtoto hawezi. Usiseme kitu, bana hapa kiasi unachoumia. Usinionee huruma."

Kanoko alibana. Kwanza kwa heshima, kama anayeshika kikombe cha ugenini. Kisha vidole vya Mizue vikawa vyeupe, vikawa vya zambarau, kiungo kimoja kikatoa mlio, na Mizue hakuuvuta mkono. Yasuno alivitazama vidole vile. Midomo yake ikaanza kutetemeka, midomo ileile aliyoifunga mara tatu.

Ndipo sauti ilipomtoka Kanoko. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama tawi linalovunjika kwa uzito wa theluji.

"Kubali," alisema Yasuno. "Mwanangu, kubali."

Akakubali.

Mtoto alitolewa akiwa mweupe kama karatasi, kimya, mikono inaning'inia. Mizue alimpokea kwenye taulo lenye joto, akamkausha, akamsugua mgongo, akamfunika pua na mdomo kwa kinyago kidogo na kumpulizia hewa. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Yote hayo aliyafanya kwa mkono uliovimba. Msichana yule akakunja uso, akafungua kinywa, akapiga kelele iliyofika hadi kwa wapishi jikoni.

Alasiri Kanoko alikuwa amelala, damu ya watu asiowajua ikiingia mshipani tone kwa tone, rangi imeanza kurudi mashavuni. Mizue alimpakatisha Yasuno mjukuu wake. Yasuno aliuona mkono wa mkunga, akainama chini sana mbele yake, akakaa hivyo muda mrefu.

Mtoto akaanza kulia. Nesi mmoja alinyoosha mikono amchukue asije akaamsha wagonjwa. Yasuno akamgeuzia mgongo, akaenda naye dirishani, ambako theluji ilikuwa ikiporomoka vipande vipande kutoka paani. Aliinamia sikio lile dogo, lakini alisema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia:

"Lia, mjukuu wangu. Siku yako ya kuzaa ikifika nitakuwa kikongwe, lakini nitakuja, nitakaa mlangoni kwako, na atakayekuambia unyamaze atapambana na mimi."