Mtoto Niliyemdhania Doa

Ting, ting, ting. Gizani, brashi iligonga ukingo wa kikombe kama mtu anayekoroga chai. Hapo nikajua nimeshaingia ndotoni, kwa sababu jana kabla ya kumlaza Tunu nilikuwa nimeziosha brashi zangu zote na kuzilaza nazo.

"Mama Tunu," brashi nyembamba ikaniita, "kuna mgeni. Kasimama mlangoni mwa picha."

Picha yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta, bado inanuka rangi. Ni nakala niliyoichora kwa mkono kutoka kwenye kalenda kuukuu: daraja la mbao, mvua, watu wenye miavuli wanakimbia. Wajapani wa zamani waliichonga kwenye mbao, ubao mmoja kwa kila rangi, wakaichapa. Mimi niliichora kwa brashi, jioni baada ya jioni, kila nikitoka darasa la kuchora. Asubuhi ilikuwa niipeleke kwa Mzee Shekalaghe, fundi wa fremu. Akiikubali, naingia kwenye karakana yake kama mchoraji. Akiikataa, narudi kukaanga maandazi, na maandazi yangu yanajulikana mtaa mzima kwa ugumu.

Naingia kwenye picha. Mvua hainyeshi. Imesimama tu, mistari myeusi kutoka juu hadi chini, nami naipenya kwa bega kama pazia la shanga. Watu wote wanakimbia isipokuwa mwanamke mmoja aliye katikati ya daraja. Anapapasa mgongo wake.

"Karibu, dada," ananiambia. "Utusamehe kwa mvua. Mwanangu umemweka wapi?"

"Mwana gani, dada?"

"Niliyembeba. Kwenye kalenda yupo."

Nikakumbuka. Kwenye kalenda, mgongoni mwake, palikuwa na alama ndogo ya kahawia. Kalenda ile ilining'inia miaka mingi juu ya jiko la mgahawa nilikokaanga maandazi, kwa hiyo nikadhani ni doa la chai. Nikaliruka. Nikamnyooshea mgongo vizuri, hata nikajisifu.

"Nilidhani ni doa," nikamwambia.

"Wengi humwona hivyo akiwa amelala," akajibu bila kinyongo. "Lakini ana miguu."

Ghafla daraja ni darasa letu la jioni. Watu wa darajani wamekaa kwenye madawati, miavuli wazi. Mbele amesimama muhuri mwekundu, ule wa mchoraji wa kwanza, uliopigwa pembeni mwa picha, mfupi, mraba, ameshika chaki.

"Mnakili haongezi, hapunguzi," anasema. "Hiyo ndiyo kanuni. Mama Tunu, umepunguza mtoto?"

"Ndiyo, mwalimu. Kwa bahati mbaya."

"Basi leta mtoto. Alfajiri rangi inakauka. Ikikauka hivi, huyu mama atapapasa mgongo maisha."

Mlango unafunguliwa, anaingia Tunu wangu na gauni lake la kulalia, pekupeku. Anakaa dawati la mbele kama aliyelipiwa ada.

"Huyu atafaa," muhuri anasema, akimpima kwa rula. "Mkubwa kidogo. Tutamkunja."

"Mama, acha niende," Tunu anasema. "Mvua yao hailoweshi."

Nikamvuta Tunu nyuma yangu. "Hakunjwi mtu hapa," nikasema. "Huyu ni wa kwangu. Wa dada nitamchora mwenyewe."

Nikaishika brashi nyembamba.

"Mimi ni ya mvua tu," ikasema. "Watoto si kazi yangu."

"Na mimi nilikuwa wa maandazi tu. Twende." Nikamgeukia yule mama. "Nimchoreje, dada? Sura yake siijui."

"Wako hulala?"

"Akipenda."

"Basi hivyohivyo. Shavu limebonyea, mguu mmoja nje. Hapo hawatofautiani."

Nikachora. Nilianza na shavu, nikaweka nywele kidogo, kisha mguu. Wa pili ulikataa kukaa, nikaufuta, nikaurudia. Nilipotia nukta ya mdomo, mtoto akaufungua akalia. Alilia kwa sauti ya kwake mwenyewe, si ya Tunu. Muhuri akaziba masikio, ingawa hana.

Sasa namna wanavyobeba watoto kwao sikuijua, na kalenda haikuonyesha. Nikafungua khanga yangu kiunoni. "Inama, dada." Akainama. Nikampandisha mtoto mgongoni, nikavuta khanga, nikafunga fundo kifuani pake kama tunavyofanya sisi. Kilio kikakatika.

"Umeongeza khanga," muhuri akasema.

"Na nimepunguza kelele."

Akahesabu kwa chaki hewani. "Imelingana," akasema. Akaenda kwenye kona yake, akajigonga ukutani kwa kichwa, akawa alama tena.

Mwanamke akaipapasa khanga mgongoni. "Umekaza vizuri," akaniambia. Kisha akainua mwavuli wake, akakimbia kama wenzake.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumepambazuka. Tunu alikuwa wima mbele ya picha, pua karibu na daraja. Nikamwita asiiguse. Akageuka, akaweka kidole mdomoni, ninyamaze.

"Mama, huyu mtoto amelala."