Deraya ya Shujaa wa Daktari

Bi Sindano alipokaribia miaka sabini, vidole vyake vilianza kumgeuka. Asubuhi viliamka vimekunjamana kama tangawizi, vikakataa kushika hata kikombe, sembuse kisu. Miaka arobaini alikuwa ameshona ngozi: viatu, mikoba, mishipi, na siku hizi mavazi ya sanamu ndogo ambazo watu wazima wenye nafasi huzipanga kwenye makabati ya vioo. Siku moja mwanawe alimwambia, mbele ya mkewe, "Mama, mfundishe huyu. Vidole vyako vimekwisha." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mfupa.

Alimfundisha, lakini kwa ulimi. Mkwe akikata, aliambiwa ana mkono wa kukandia unga. Akishona, aliulizwa kama anashona ngozi au anafunga gunia. Mkwe aliitikia "Ndiyo, mama," akafumua, akashona tena. Mwaka haukuisha, mshono wake ukawa umenyooka kuliko wa mwalimu, na hilo ndilo lililomuudhi mwalimu zaidi.

Ndipo daktari wa meno alipoleta shujaa wake. Ilikuwa sanamu ya shubiri moja na nusu, shujaa wa kubuni anayeruka angani, ila daktari alimtaka avae deraya kama askari wa farasi wa zama za ngome na mikuki: bamba la kifua lenye bundi, vifuniko vya mabega, mshipi na vikinga magoti, vyote vya ngozi. Jumamosi ya wiki iliyofuata angempeleka kwenye maonyesho. Kwa kuwa mwanawe alikuwapo anasikiliza, Bi Sindano akajikuta anatoa ahadi: daktari akiridhika, kiti cha meza ya kazi ni cha mkwe. Asiporidhika, mkwe asiguse tena kisu cha watu.

Mkwe alifanya kazi siku tisa. Alichonga kalibu ya mti yenye umbo la kifua cha shujaa na bundi wake, akapunguza unene wa ngozi mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi. Vikinga magoti havikuzidi ukucha wa kidole gumba. Alhamisi likabaki bamba la kifua. Ngozi yake ilikuwa ya rangi ya asali, ile inayolowekwa kwa magome ya miti, na mkwe hakuwahi kuishika. Siku zote alishonea ngozi ya kiwandani. Aliilowesha kwa maji ya vuguvugu, akaikandamiza juu ya kalibu, akaomba pini.

Sasa, ngozi ya magome ikiwa imelowa haitaki chuma. Chuma kikiigusa, huiachia weusi kama wino. Ndiyo maana hubanwa kwa pini za shaba, na pini za shaba zilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Bi Sindano. Asubuhi ile alikuwa amesali kama kawaida yake, akaomba uzima, akaomba riziki, akaruka pale pa kuomba moyo safi. Akafungua droo, akampa mkwe kopo la pini za chuma.

"Zipange karibu karibu," alisema. "Bundi asije akakosa mbawa."

Akavuta kiti, akahesabu. Thelathini na nane. Kila pini ilipoingia, mkwe alitoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, na Bi Sindano alisikia utamu ambao hakuupata hata siku alipomwoza mwanawe. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kazi ingeharibika, ahadi ingekufa, daktari angeombwa asubiri maonyesho mengine, na mikono ile ile ya mkwe, ikisha kusamehewa, ingerudia kazi, safari hii bila kiti.

Ijumaa asubuhi mkwe alipochomoa pini, bundi alikuwa ameota ndui. Madoa meusi yalimzunguka pande zote, mengine yakichuruzika hadi tumboni. Mkwe alisugua kwa kitambaa, akasugua kwa mate. Alikuwa bado ameinama pale daktari alipoingia na kisanduku cha kumbebea shujaa.

Bi Sindano hakungoja kuulizwa. Alisema amechoka kufundisha. Alisema hata mwanafunzi wa wiki moja anajua kwamba ngozi ya magome ikilowa haiguswi na chuma, ila kuna watu hawaambiliki.

Mkwe aliinua uso. Akalitazama kopo la pini, kisha mfuko wa aproni ya mwalimu wake, uliotuna.

Daktari alihuzunika kwa adabu, akauliza kama hakuna la kufanya. Ulimi wa Bi Sindano ulishapata mteremko. Akajibu kwamba kama angeachiwa yeye mwenyewe, bamba jingine lingekatwa na kubanwa kabla chai haijapoa.

"Basi nitakaa," daktari akasema, akavuta kiti. "Leo nimefunga kliniki."

Hapo ndipo Bi Sindano alipovikumbuka vidole vyake. Akageuka.

"Mwanangu," alimwita mkwe, neno ambalo mkwe hakuwahi kulisikia kutoka kinywa kile, "hebu nianzie kukata hapa pembeni."

Mkwe alikuwa ameshavua aproni yake. Aliikunja, akaiweka mezani, akaleta kipande cha mwisho cha ngozi. Kisha akamgeuzia kisu upande wa mpini, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Si ulisema nisiguse kisu chako, mama? Kata wewe. Mimi nitatazama, labda leo nitaelewa."

Bi Sindano alikata. Mkato wa kwanza ulipinda. Wa pili kisu kiliteleza, kikaichana ngozi kutoka shingoni hadi kiunoni. Daktari aliinuka, akamviringisha shujaa wake kwenye leso, uchi vile vile, akamlaza kisandukuni. Aliokota kikinga goti kimoja, akakitazama kwenye mwanga, akauliza nani aliyekishona.

"Alikishona mama," mkwe alijibu. "Mimi hapa nafagia tu."

Daktari akamtazama mwanamke mzee na kisu chake, akampa pole kama anavyompa mgonjwa ambaye meno yake hayatapona, akaondoka.

Bi Sindano alitaka kukiweka kisu chini. Vidole vilikuwa vimejifunga kwenye mpini, havikubali kuachia. Alimwomba mkwe avifungue, kimoja kimoja, taratibu. Mkwe alichukua ufagio. Alizoa vipande vya ngozi chini ya meza, akafagia mpaka kwenye kiti alichokalia Bi Sindano, akakizunguka kama anavyozungukwa mzigo usio na mwenyewe, akaendelea hadi mlangoni.