Uzi Mwekundu Kwenye Breki

Kiti cha nje kiliponikimbia mara ya pili, nilijua kuna mkono wa mtu. Mimi si mzembe. Tangu miguu yangu igome, miaka sita sasa, nahama kiti kwa utaratibu uleule: breki ya kushoto, breki ya kulia, pa kuwekea miguu napakunja juu, nakitikisa kiti nione kama kimeshika, ndipo najinyanyua. Siku hiyo nilikitikisa, kikatulia. Nilipokitupia uzito wangu kikarudi nyuma, nikabaki nimening'inia kwenye mwimo wa mlango.

Nyumba yangu hapa Kajaani, nchini Finland, ina viti viwili vya magurudumu, kama mtu mwenye ndala na viatu. Kile chembamba ni cha ndani. Kile kipana ni cha nje, nacho hulala barazani, maana mlango wangu haupitwi na kitu chenye matope, kiwe kiatu au gurudumu. Hata mchungaji wa kanisa alipokuja alivua. Basi nahamia mlangoni, kutoka kiti hadi kiti. Cha ndani hakijawahi kunisaliti. Cha nje ndicho anachokishika Mirkka, mke wa mwanangu, anayekuja kila asubuhi kunitembeza.

Na ni Mirkka huyohuyo aliyeniachia mezani, Jumapili, siku moja baada ya kiti kunikimbia mara ya kwanza, karatasi za makao ya wazee. Alisema nizisome tu, hakuna haraka. Sikuzigusa. Ningeanguka mara moja tu na kuvunjika nyonga, yeye na mwanangu wangeshakubaliana kabla sijaamka hospitalini, na nyumba niliyoishi miaka arobaini isingekuwa yangu tena. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Nikamtega. Nilikata uzi mwekundu wa sufu, wa soksi nilizokuwa namfumia yeye mwenyewe, nikaufunga kwenye nati ya breki. Atakayeilegeza ataukata. Asubuhi nikaukuta mzima, na fundo langu lilelile. Mtu mwingine angetulia. Mimi nilisema, kumbe ni mjanja kiasi hiki, ameiga hata fundo. Nikahama, kiti kikateleza, na Mirkka akanidaka kwapani akanirudisha kwenye kile cha ndani.

Hapo nikayatapika yote: breki, karatasi, nyonga. Hakubisha. Alipiga magoti, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

"Breki inakamata tairi, mama," alisema. "Tairi likiwa laini itakamata nini? Hewa imesinyaa kwa baridi hii, na hatujalijaza tangu kiangazi."

"Si wewe unayekishika?"

"Nakishika, na kosa la pampu ni langu. Lakini nani alisema kilale nje?"

Nikashusha mkono, nikabonyeza tairi la kiti nilichokalia. Kilicholala ndani kilikuwa na matairi magumu, kimesimama kama mwamba chini yangu.

Ndipo akauona uzi. Akaushika, akaitambua rangi, maana aliichagua mwenyewe dukani. Akaniuliza huu ni wa nini.

Ningeweza kumdanganya. "Nilikuwa nakutega," nikasema, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

Alikwenda kwenye gari akaleta pampu. Akajaza tairi moja, akajaza la pili, akafunga breki, akakisukuma kiti kwa mwili wake wote. Hakikusogea. Katika kazi yote hiyo hakuniangalia hata mara moja.

"Zile karatasi nilizileta kwa sababu niliogopa," alisema hatimaye. "Nilidhani ni mikono yako inayochoka, nikashindwa kukuambia." Akaukata uzi, akautia mfukoni. "Kesho nije, au utafute mtu unayemwamini?"

Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, theluji imemganda kwenye buti, kiti kipana mkononi. Sakafu yangu ilikuwa inang'aa.

"Njoo," nikasema. "Na hicho kiingize sasa hivi. Usivue viatu."