Kijiko cha Saa Nne

Sufuria ya nne ya mtindi niliimwaga kwenye sinki siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mtoto akiniangalia. Mtindi ulishuka mzito, ukagoma kidogo kwenye tundu, kisha ukazama. Bosi alikuwa kwenye kiti chake kirefu, mdomo wazi, akingoja. Alipoona bakuli limebaki tupu, alikipiga kijiko mezani mara mbili na kunikazia macho. Ana miezi minane na meno mawili ya chini, na katika nyumba yetu hakuna anayejua kudai haki yake kama yeye. Jina la Bosi hakupewa bure.

"Umemwaga tena?" Mama Cherehani aliuliza kutoka mlangoni. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kushona nguo, na ndiye anayekaa na mtoto tangu alfajiri ninapokwenda kazini hadi ninaporudi, kabla ya saa nne.

"Ulikuwa na harufu."

"Mtindi usio na harufu ni chokaa, baba. Harufu gani?"

"Harufu tu."

"Haya. Kesho mpime na mtoto mwenyewe kwa spiriti. Akiganda, umrudishe alikotoka."

Alikuwa akiitania kazi yangu. Mimi ni mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Wafugaji hufika na keni zao kabla jua halijapanda. Nafungua kifuniko, nanusa, nachota kidogo, nachanganya na spiriti ndani ya kijibomba cha kioo. Maziwa yakitulia, yanapita. Yakikatika vipandevipande, nasema neno moja: rudisha. Miaka kumi na mmoja nimelisema neno hilo kwa wazee wa heshima, kwa niliosoma nao, na mara moja kwa mke wa mkuu wangu wa kazi. Wafugaji wananiita Bwana Rudisha, nami sijawahi kuona haya. Wapo watoto wasioharisha kwa sababu pua yangu haijui urafiki.

Lakini Jumatano ile nilikuwa nimebakiwa na siku tatu. Jumamosi Mwalimu angekuja na baba yake kumchukua mtoto.

Mwalimu ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Anafundisha hesabu, na huzungumza na watu wazima kana kwamba wote hawajamaliza zoezi. Wiki iliyotangulia aliishika kadi ya kliniki ya Bosi, akaona mstari wa uzito umelala kwa miezi miwili. Alinipigia simu baadaye.

"Shemeji, sitaki ugomvi," alisema. "Mtoto anakula uji, boga na maziwa ya kopo, basi. Wewe ni mwanamume, una kazi, umejitahidi. Jumamosi tunakuja kumchukua. Andaa nguo zake."

"Siandai kitu."

"Utaandaa."

"Mwalimu, mtoto huyu ana baba."

"Na alikuwa na mama," akajibu, akakata simu.

Alijua pa kuchoma. Bosi alipokuwa na miezi mitano, mama yake aliamka Jumatatu moja akilalamika tumbo. Nikamwambia ni gesi. Jumanne nikamchemshia tangawizi. Jumatano alisema amepata nafuu, nami nikamwamini kwa kuwa nilitaka kumwamini. Alhamisi madaktari walituambia utumbo umepasuka na tumechelewa. Mimi, mtu anayenusa uchachu wa keni nikiwa hatua mbili kutoka ilipo, nililala chumba kimoja na kifo siku nne na sikukinusa.

Nesi wa kliniki hakuwa amenificha kitu. Alinieleza mara mbili, na mara zote mbili niliandika. Mtoto aanze mtindi mtupu, usio na sukari wala asali, wa maziwa yaliyochemshwa vizuri. Kijiko kimoja siku ya kwanza, viwili siku ya pili, na apewe asubuhi ili mwenye macho apate kumwangalia, asije akavimba au kutoka vipele. Chakula kingine kipya kisiingizwe siku hizo. Jibini laini ifuate baadaye. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa kikombeni yangoje atimize mwaka. Nilikuwa nayajua maelezo hayo kama jina langu. Nilitengeneza mtindi nikaumwaga, nikatengeneza mwingine nikaumwaga, na kila mara nilipata sababu. Ule ulikuwa mwepesi mno, ule ulikaa joto muda mrefu, ule kifuniko kilikuwa na tone la maji.

Alhamisi asubuhi, kazini, alifika mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wawili, mama mkimya ambaye hajawahi kuniletea maziwa mabaya. Nilifungua keni yake, nikanusa, nikachanganya na spiriti, nikatikisa.

"Rudisha," nikasema.

Hakuondoka. Aliutoa mkono kwenye mtandio wake, akakielekeza kidole kwenye kijibomba nilichokishika.

"Bwana Rudisha, kioo chako kinasema ndiyo. Wewe unasema hapana. Nimsikilize nani?"

Foleni nzima ilinyoosha shingo. Nilikiinua kijibomba kwenye mwanga. Maziwa yalikuwa yameteleza kwenye kioo laini kabisa, bila chembe. Nikaisogeza pua tena kwenye keni, nikanusa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, nikitafuta. Hapakuwa na kitu. Nilipatwa na aibu ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kazi ile, kwa maana nilielewa kwamba kwa miezi kadhaa sikuwa nikinusa maziwa ya mtu yeyote. Nilikuwa nikinusa woga wangu mwenyewe na kuwarudishia watu maziwa yao.

"Yanapita," nikasema. "Samahani, mama."

"Mimi nilijua yanapita," alisema, naye hakutabasamu.

Mgao wangu wa mfanyakazi siku hiyo niliuchota kwenye keni yake. Nyumbani niliyachemsha maziwa, nikayaacha yapoe mpaka kidole kikavumilia, nikakoroga kijiko cha mtindi mwingine ndani yake ili yagande, nikafunika na kuizungushia sufuria taulo. Jioni yalikuwa yameshikana. Nikayaweka kwenye friji.

Ijumaa saa nne nilifungua. Nilinusa mara tatu, nikaonja. Ulikuwa mtindi, hauna tatizo. Hata hivyo mkono wangu ulikuwa umeshaigeuza sufuria kuelekea sinki. Niliuona mkono huo kama wa mtu mwingine, nikauambia kwa sauti, "Hapana." Bosi alidhani ni yeye anayekatazwa, akaanza kulalamika kwa herufi zote anazozijua. Nikapiga moyo konde, nikajaza kijiko.

Alikipokea kwa pupa. Kisha mwili mzima ukamsisimka kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa, na mtindi wote ukarudi kidevuni. Nilifuta. Nilitaka kuchota kilichomwagika mezani, nikakumbuka, nikachota kingine kisafi. Safari hii alimeza. Nilipofuta mara ya pili niliona wekundu kwenye kidevu.

Sikumbuki nilivyofika kwa Mama Cherehani. Nakumbuka tu kwamba mtoto alikuwa kwapani na nilikuwa na kiatu kimoja.

Alisimamisha mashine, akamgeuza Bosi dirishani, akamfunua tumbo, mgongo, makwapa.

"Anapumua vizuri?"

"Ndiyo."

"Ametapika? Amevimba mdomo?"

"Hapana. Lakini kidevu, tazama kidevu!"

"Kidevu umekisugua kama sufuria iliyoungua. Hebu nione hilo taulo." Alilipapasa. "Hili unafutia mtoto au unapiga msasa? Kaa hapo. Tungoje."

Tulingoja. Baada ya muda mfupi wekundu ulikuwa umekwisha, na Bosi alikuwa akitafuna kipande cha kitambaa cha sketi ya mtu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yalipoanza kutoka hayakutaka tena kuacha. Mama Cherehani aliwasha mashine akashona, ili nilie kwa nafasi.

"Kesho wakija," alisema nilipoinuka, "mpe uji tu. Usiwachokoze."

"Saa nne ni saa yake ya mtindi."

"Basi mpe saa tatu, kabla hawajafika."

"Saa nne," nikasema.

Walifika saa nne kasoro robo. Nilimwamkia mkwe wangu shikamoo, akaitikia na kukaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kofia juu ya goti. Ni mzee wa maneno machache, na tangu mazishi yamepungua zaidi. Mwalimu hakukaa. Alivaa blauzi ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, akazunguka chumba akitafuta begi la nguo za mtoto ambalo halikuwepo.

"Nilikwambia uandae."

"Nilikwambia siandai."

Saa nne ilipofika nilimweka Bosi kitini, nikamfunga bibu, nikatoa bakuli.

"Hicho nini?" Mwalimu akauliza.

"Mtindi."

"Maziwa yaliyoganda? Kwa mtoto wa meno mawili? Yatamgandia tumboni."

"Maziwa yote huganda tumboni, Mwalimu. Hata ya mama. Ndivyo tumbo linavyoyala."

"Nani kakwambia?"

"Nesi. Na kazi yangu."

Alinyoosha mkono. "Nipe hicho kijiko."

"Hapana."

Kwa wakwe zangu nilikuwa siku zote mtu mpole, wa ndiyo na ahsante, mpaka ile simu. Neno lile lilikaa katikati ya chumba na hakuna aliyejua alifanye nini. Mwalimu alipauka kidogo midomoni, kisha akalitoa lile alilokuwa amelibeba kwa miezi yote.

"Mdogo wangu alikufa mikononi mwako."

"Mwanangu," mzee akamwonya.

"Mwache aseme, baba. Ni kweli." Kijiko nilikuwa bado nimekishika. "Aliniambia linauma, nikamwambia ni gesi. Siku nne. Sijajisamehe, wala sikuombi wewe unisamehe. Na kadi uliyoiona ni kweli pia. Mstari umelala kwa sababu yangu. Kila nilichompikia nilikiogopa, nikakimwaga. Yote uliyosema ni kweli, Mwalimu. Lakini mtoto simtoi. Leo simtoi na Jumamosi ijayo simtoi. Ukitaka kunisaidia, vuta kiti. Ukitaka kumchukua, itabidi utubebe wote wawili, na kiti hiki kirefu juu yake."

Bosi, ambaye hotuba zinamchosha, alipiga meza. Nikampa kijiko cha kwanza. Alikunja uso, akafikiri, akameza. Cha pili hakuningoja. Aliukamata mkono wangu na mpini pamoja, akajiingizia mwenyewe, nusu mdomoni na nusu shavuni. Kisha akataka cha tatu.

"Viwili tu leo," nikamwambia. Alinitukana kwa lugha yake.

Niliposikia kiti kinaburutwa nyuma yangu sikugeuka. Mwalimu alikaa upande wa pili wa mtoto, akatoa miwani.

"Sasa?"

"Sasa tunamwangalia."

"Mpaka lini?"

"Mimi namwangalia mpaka alale."

Basi tukamwangalia. Sijawahi kuona watu wawili wakitazama ngozi ya mtoto kwa namna ile.

"Amepiga chafya," Mwalimu alisema.

"Vumbi."

"Anajikuna."

"Anacheza na sikio. Hufanya hivyo."

Ilipita kama nusu saa. Mzee alikuwa amefumba macho, sijui kama alisinzia. Bosi alitulia, akaanza kuchunguza vifungo vya blauzi ya mama yake mkubwa, kimoja baada ya kingine. Mwalimu alimtoa kitini, akampakata. Alipozungumza alikuwa akiitazama mikono ya mtoto.

"Mimi pia aliniambia."

"Nini?"

"Tumbo. Alinipigia Jumanne. Nilikuwa nasahihisha mitihani." Alivuta pumzi. "Nikamwambia anywe maji mengi."

Mzee hakufumbua macho, lakini mkono wake uliikunja kofia. Nilitafuta neno la kumwambia Mwalimu. Lile la kwanza lililonijia lilikuwa la hasira: miezi yote hii! Lilinifika ulimini kabisa. Nikalitazama lile neno, nikamtazama na yeye, mgongo wake umenyooka vilevile kama yuko mbele ya darasa na machozi yakimshuka bila kufutwa, na nikaliacha lipite.

Waliondoka saa sita. Mwalimu alimbeba Bosi mpaka kwenye ngazi, mtoto amelala begani pake, na chini mzee alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Nilisimama mbele ya Mwalimu nikanyoosha mikono.

"Mstari ule usipopanda mwezi ujao," alisema, "mimi narudi."

"Rudi hata kama umepanda. Saa nne anakula. Ukichelewa utakuta bakuli tupu."

Hakumtoa mtoto. Mikono yangu ilibaki hewani, nami sikuishusha. Ilianza kuuma. Hatimaye aliinama, akamnusa Bosi utosini kwa muda mrefu, akanipa.

Alishuka ngazi bila kugeuka. Begani, kwenye ile blauzi iliyopigwa pasi ikanyooka, palikuwa na doa la mtindi, jeupe, pana kama shavu. Mdomo ulinifunguka kumwita nimwambie. Nikaufunga, nikamwacha aende nalo.