Uzi wa Gunia na Njia ya Ndege

Ndege ilikuwa imekwisha kuiacha Dar es Salaam. Saa mbili kamili asubuhi, ndivyo redio ya polisi ilivyosema. Ndani yake mlikuwa na daktari wa kupasua, anamfuata Suma, mke wa Asajile, aliyelazwa hospitali ya Sumbawanga utumbo umejisokota.

Asajile ndiye aliyekuwa karani wa kiwanja cha ndege. Akapiga hesabu. Kwa basi, Dar ni maili mia saba na ushee. Ndege ile hukata mia na arobaini kwa saa. Akapata saa saba mchana. Kiwanjani ng'ombe wa kijiji cha ujamaa walikuwa wakila majani, akasema wataondolewa saa sita. Rubani alikwisha kuonya: akikuta ng'ombe, anageukia Mbeya.

Saa tano Gaudensi, mchungaji wa ng'ombe hao, alichungulia dirishani.

"Mgonjwa anaendeleaje, karani?"

"Hali mbaya, mzee. Nimehesabu maili za basi, daktari anafika saa saba."

"Saa saba? Anapita wapi?"

"Angani!"

"Basi mbona umempitisha Tunduma?"

Asajile alinuna. Yeye amefika darasa la nane, na huyu hutia sahihi kwa dole gumba. Lakini ujanani Gaudensi alikwenda kwa miguu mpaka kwenye mkonge wa Morogoro, mara tatu. Akaingia, akachomoa mfukoni uzi wa kushonea magunia, akausogelea ukuta wenye ramani.

"Nionyeshe Laela. Tunduma. Mbeya. Iringa."

Akaulaza uzi kona kwa kona mpaka Dar, akaukata. Kisha akaunyosha moja kwa moja kurudi Sumbawanga. Ukasalia mkia mrefu unaning'inia.

"Barabara inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, mwanangu. Ndege haishuki Tunduma kunywa chai."

Asajile akapima upya. Maili mia tano na thelathini. Saa sita kasorobo! Saa ya ukutani ilisema tano na robo.

Walitoka mbio. Ng'ombe arobaini wakaswagwa, akabaki fahali mweusi aliyeitwa Mkutano, kwa kuwa hana haraka na hakuna ajuaye atamaliza lini.

"Mkutano umefungwa!" Gaudensi akampigia kelele. "Wajumbe wameshaondoka!"

Fahali akamtazama tu. Mngurumo ukasikika mashariki. Asajile, na shati lake jeupe la ofisini, akamwegemea matakoni akasukuma, mzee akavuta pembe, mpaka Mkutano akakubali kuahirishwa.

Magurudumu yaligusa nyasi saa sita kasoro dakika kumi. Asajile hakuitazama ndege. Alimtazama mzee, aliyeyabeba kichwani maili yote yale, akiuzungusha uzi kidoleni ili usipotee.

Suma alipasuliwa mchana uleule, akapona, akazaa watoto wengine wawili. Daktari aliondoka kesho yake. Asajile alihamishiwa Laela, kwenye ghala la mahindi. Gaudensi alifariki mwaka themanini na mbili, hajapanda ndege. Mkutano alichinjwa Sabasaba.